Kupiga picha samaki wa baharini nyumbani: Kioo, mwanga na subira ndiyo siri

KUFUGA samaki wa baharini ndani ya nyumba si kazi ya mtu mwenye pupa. Maji yao hayana budi kuwa na chumvi ya kiasi cha gramu 35 hivi katika kila kilo moja, joto lidumu kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, nazo pampu zifanye kazi usiku na mchana. Hata hivyo, wengi waliofaulu katika haya yote hushindwa na jambo linaloonekana dogo, nalo ni kumpiga samaki picha akatokea vile jicho linavyomwona. Badala ya samaki, picha huonyesha kivuli cha samawati, mkia uliokwisha kutoweka, au sura ya mpiga picha mwenyewe akijichungulia kwenye kioo.

Jambo hili si la urembo pekee. Samaki hana kauli ya kueleza anapougua. Mfugaji aliye Nakuru au Eldoret anayetafuta ushauri wa mjuzi aliye Mombasa hawezi kumsafirisha samaki mgonjwa kwa basi, humtumia picha. Endapo picha hiyo imepotosha rangi au kuficha madoa, ushauri nao utapotoka, na dawa isiyofaa itatiwa majini. Kwa hivyo, picha ya kweli ni sehemu ya utunzaji wa samaki sawa na kubadilisha maji au kupima chumvi.

Tulikotoka

Hamu ya kuwatazama samaki kupitia kioo ina historia ndefu. Jumba la samaki katika bustani ya wanyama ya London lilifunguliwa mwaka wa 1853. Mwaka uliofuata, mwanazuoni Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilichowapa Waingereza ari ya kuweka bahari ndogo sebuleni mwao.

Picha zilifuata baadaye. Mnamo 1893, Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Mwaka wa 1926, William Longley na Charles Martin walifaulu kupiga picha za rangi za samaki chini ya bahari katika visiwa vya Dry Tortugas, jimbo la Florida nchini Marekani. Ili kupata mwanga wa kutosha, walilipua unga wa magnesi juu ya chelezo kilichoelea majini.

Yapata karne moja imepita tangu hapo, na leo simu ya mkononi ina uwezo ambao Longley na Martin hawakuuota. Hata hivyo, kikwazo kikuu hakijabadilika. Anayetaka kumpiga picha samaki ni sharti kwanza atatue suala la mwanga.

Kwa msomaji wa Kenya, samaki wanaohusika si wageni. Kangaja wa rangi ya samawati, ambaye kisayansi huitwa Acanthurus leucosternon, samaki wa anemoni aitwaye Amphiprion allardi, pamoja na aina nyingi za vipepeo, wote huishi katika miamba ya matumbawe ya pwani yetu. Kenya ni miongoni mwa mataifa yanayouza samaki hai wa mapambo katika nchi za ng'ambo. Uvuvi hauruhusiwi katika hifadhi za kitaifa za bahari kama vile Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968. Wanaouzwa huvuliwa na wapiga mbizi nje ya hifadhi hizo. Samaki kama kangaja ni vigumu mno kuzalishwa tangini. Anapokufa, anayechukua nafasi yake kwa kawaida hutolewa mwambani. Hiyo ndiyo sababu kumtambua mgonjwa mapema ni jambo lenye uzito.

Kioo kwanza, kamera baadaye

Kazi ya kwanza haihitaji kamera. Upande wa ndani wa kioo husuguliwa kwa sumaku ya kusafishia ili kuondoa mwani wa kijani na ule mgumu wa rangi ya zambarau. Ni muhimu kuhakikisha kwamba hakuna chembe ya mchanga iliyonaswa kati ya sumaku na kioo, kwa sababu chembe moja huacha mkwaruzo usiofutika. Matangi ya plastiki angavu hukwaruzika kwa urahisi zaidi kuliko ya kioo.

Upande wa nje hupanguswa kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kwa maji safi, kisha kwa kikavu. Chumvi iliyokauka na alama za vidole, ambazo macho yamezoea kuzipuuza, huonekana pichani kama ukungu. Dawa za kusafishia madirisha hazifai kupuliziwa karibu na tangi, kwani mvuke wake waweza kuingia majini na kuwadhuru viumbe.

Usafi wa kioo ni bora ufanywe saa chache kabla ya kupiga picha, au hata siku iliyotangulia. Kusugua kioo hutibua uchafu, na kila chembe inayoelea hunasa mwanga na kugeuka nukta nyeupe. Chembe zikishatulia na chujio kuzinasa, pampu za kusukuma mawimbi zaweza kuzimwa kwa muda wa dakika 10 hivi ili maji yatulie. Aidha, mfugaji asisahau kuziwasha tena, maana ndizo zinazoyachanganya maji na hewa ambayo samaki huitegemea.

Hatua inayofuata ni kutia chumba giza. Kioo humulika kila kitu chenye nuru kilicho mbele yake: dirisha, runinga, taa ya dari na hata shati jeupe la mpiga picha. Mapazia yakifungwa, taa za chumba zikizimwa na mpiga picha akivaa nguo ya rangi nyeusi, sehemu kubwa ya mng'ao hutoweka bila gharama yoyote. Mng'ao uliosalia huondolewa kwa kukigusisha kioo cha tangi na kikinga-mwanga cha mpira kilichofungwa kwenye ncha ya lenzi. Mwenye simu aweza kuigusisha simu yenyewe kioo, mradi tu afanye hivyo polepole.

Simama wima mbele ya samaki

Kosa linaloharibu picha nyingi ni kupiga kwa mshazari. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia katika kioo, na hupinda tena unapotoka katika kioo kuingia hewani. Isitoshe, kila rangi hupinda kwa kiasi chake. Kamera inapoelekezwa upande, magamba hupoteza makali yake, na kingo za samaki huota utepe mwembamba wa rangi ya zambarau au kijani. Hakuna lenzi ya bei ghali inayoweza kuponya dosari hiyo.

Tiba yake ni rahisi. Uso wa lenzi uwe sambamba na uso wa kioo, na urefu wa kamera ulingane na urefu alipo samaki. Akiwa chini karibu na mchanga, mpiga picha hana budi kupiga magoti. Akisogea kushoto, mpiga picha naye asogee kushoto badala ya kupindua mkono. Kwa sababu iyo hiyo, matangi yenye kioo cha kujipinda huwatatiza sana wapiga picha.

Samaki aliye karibu na kioo cha mbele hutokea vizuri kuliko aliye nyuma, kwa kuwa maji yaliyopo kati yake na kamera ni machache na chembe zilizomo ni haba.

Rangi ya samawati hudanganya

Baharini, maji humeza rangi nyekundu katika mita chache za kwanza, na ndiyo sababu picha za kina kirefu hugeuka samawati. Katika tangi la nyumbani, ambalo kina chake aghalabu ni nusu mita, maji hayana lawama kubwa. Mkosaji ni taa.

Wafugaji wa matumbawe hupendelea taa zenye nuru nyingi ya samawati, hasa ya urefu wa mawimbi wa nanomita 450 hivi, kwa sababu mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe hutumia nuru hiyo kujitengenezea chakula. Nuru hiyo pia huyafanya matumbawe yang'ae kama vito. Macho ya binadamu huizoea upesi, lakini kamera haina mazoea hayo. Hufurikwa na samawati, rangi nyekundu na manjano zikafifia, na samaki wa rangi ya chungwa akatokea kama aliyepakwa majivu.

Njia bora ni kubadilisha nuru yenyewe. Taa nyingi za kisasa huruhusu mfugaji kupunguza samawati na kuongeza nyeupe kwa muda. Dakika 20 au 30 zatosha, kisha taa zirejeshwe katika hali ya kawaida ili matumbawe yasisumbuliwe. Pasipo uwezo huo, kichujio cha rangi ya chungwa au manjano kilichowekwa mbele ya lenzi ya simu hupunguza samawati inayozidi.

Njia ya pili ni kuipa kamera kipimo cha weupe. Kipande cha plastiki nyeupe kisicho na sumu hutumbukizwa tangini, kikapigwa picha chini ya taa ile ile, kisha kamera au programu ya kuhariri ikaelekezwa kwamba hicho ndicho cheupe. Wenye kamera zinazohifadhi faili ghafi wana nafasi kubwa zaidi ya kusahihisha rangi kuliko wanaotegemea faili zilizokwisha kubanwa.

Baadhi ya taa za LED huwaka na kuzimika kwa kasi isiyoonekana kwa macho, na picha hutokea ikiwa na mistari myeusi. Mistari hiyo aghalabu hupungua taa inapopandishwa hadi kiwango chake cha juu, au kasi ya kamera inapopunguzwa kidogo.

Vipimo vya kamera na simu

Samaki hatulii, kwa hivyo shata, yaani kilango kinachopitisha mwanga ndani ya kamera, lazima kifunguke na kufungika upesi. Kwa samaki wanaoogelea taratibu, sehemu ya 1/125 ya sekunde hutosha. Kwa wenye mbio, 1/250 au zaidi ni afadhali. Kasi hiyo hupunguza mwanga unaoingia, na pengo hilo huzibwa kwa kupanua tundu la lenzi hadi f/4 au f/2.8, na kupandisha wepesi wa kamera wa kunasa mwanga hadi ISO 800, 1600 au hata 3200. Chengachenga kidogo pichani ni heri kuliko samaki aliyegeuka ukungu.

Lenzi za kupiga vitu vidogo kwa karibu, zenye urefu wa milimita 60 hadi 105, ndizo zinazofaa zaidi. Ikumbukwe kwamba kadiri kamera inavyosogea karibu, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyopungua. Hapo ndipo jicho la samaki linapopewa kipaumbele. Jicho likiwa wazi, mtazamaji husamehe mkia uliofifia. Jicho likififia, picha nzima imepotea.

Kwa simu, ni vyema kutumia lenzi kuu na kuepuka kukuza picha kwa vidole, kwani kukuza huko mara nyingi hukata tu sehemu ya katikati na kupunguza ubora. Gusa samaki kwenye skrini, shikilia hadi simu ifunge umbali na mwanga, kisha piga picha nyingi kwa mfululizo. Katika picha 30, tatu nzuri ni mavuno ya kuridhisha.

Taa ya flashi iliyo juu ya kamera humulika kioo na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Anayemiliki flashi ya kutenganishwa huiweka juu ya tangi ikiangaza chini kama jua, au pembeni kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Kwa njia hiyo aweza kubana tundu hadi f/8 na kupata samaki mzima akiwa wazi. Flashi ya juu ifungwe imara, maana umeme na maji ya chumvi havipatani.

Je, flashi huwadhuru samaki? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 kuhusu samaki wanaokaa sakafuni mwa bahari, wakiwemo farasi-bahari, uligundua kwamba flashi haikuwaathiri kuliko kuwepo kwa binadamu peke yake, na kwamba kuwashika au kuwasogeza ndiko kulikowasumbua zaidi. Hata hivyo, busara ni kutomwangazia ghafla samaki aliyelala gizani. Aliyeshtuka aweza kujigonga mwambani.

Jua tabia ya unayemngoja

Wahenga walisema subira huvuta heri. Kwa mpiga picha, subira yenye maarifa huvuta heri zaidi.

Samaki wa anemoni haendi mbali na makao yake. Lenga anemoni, tulia, naye atarudi. Kangaja huogelea mchana kutwa, lakini hufuata njia zile zile. Chagua mahali anapogeukia, andaa kamera hapo, usimkimbize. Samaki-simba huenda kwa madaha na ni rahisi kumnasa, ila miiba yake ina sumu na mkono usitiwe tangini anapokaribia.

Samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, hutoa fursa ya pekee. Anapowahudumia wenzake kwa kuwatoa wadudu mwilini, hata samaki wenye mbio husimama tuli, wakafungua midomo na mashavu. Hata hivyo, si kiumbe wa kununuliwa kwa ajili ya picha. Chakula chake cha asili ni vigumu kupatikana tangini, na wengi hufa kwa njaa.

Samaki wengi huja mbele wamwonapo anayewalisha. Kaa mbele ya tangi kwa dakika 15 bila kusogea kabla ya kuanza, ili wakuzoee. Epuka kupiga picha wakati wa kulisha kwenyewe, kwa sababu vipande vya chakula hujaa majini.

Picha kama daftari la afya

Faida kubwa zaidi ya ufundi huu huonekana ugonjwa unapobisha hodi. Ugonjwa wa madoa meupe, unaosababishwa na kidusia kiitwacho Cryptocaryon irritans, huanza kwa vidoa vidogo kama chembe za chumvi, na kangaja huathirika upesi. Kidusia hicho hukaa juu ya samaki kwa siku 3 hadi 7, kisha huanguka na kuzaana sakafuni. Madoa yakitoweka, mfugaji asiye na kumbukumbu hufurahi akidhani samaki wake amepona. Baadaye vidusia hurejea vikiwa vingi kuliko awali. Mwenye picha zilizoandikwa tarehe huona jinsi madoa yalivyokuja, yakatoweka na kurudi, naye hahadaiki.

Ugonjwa mwingine, wa kidusia Amyloodinium, hufanana na vumbi laini na waweza kuua kwa siku chache. Vumbi hilo huonekana vizuri zaidi nuru inapotoka pembeni. Kinyume chake, uvimbe mfano wa koliflawa kwenye mapezi huenda ukawa ugonjwa wa virusi uitwao limfosisti, ambao kwa kawaida hauui na hauhitaji dawa kali.

Ili picha ziweze kulinganishwa, zipigwe mahali pamoja, saa ile ile na chini ya nuru nyeupe ile ile. Piga pande zote mbili za samaki. Tazama macho kama yana ukungu, mapezi kama yamechanika, na tumbo kama limebonyea. Usipige mara tu taa zinapowashwa, kwa kuwa samaki wengi hubadilika rangi usiku na huchukua muda kurejea hali yao ya mchana.

Vilevile, doa moja katika picha moja si ushahidi. Laweza kuwa chembe ya mchanga au kiputo cha hewa. Piga picha tatu mfululizo: chembe ya majini itahama, doa la mwilini litabaki palepale. Hata doa likithibitishwa, mgonjwa hutibiwa katika tangi la pembeni. Dawa zenye shaba, ambazo hutumiwa dhidi ya vidusia hivi, huua matumbawe, kamba na konokono.

Picha za mfululizo hufichua pia mambo ya kupendeza. Katika kundi la samaki waitwao Pseudanthias squamipinnis, dume akifa, jike mmoja hugeuka dume. Rangi yake ya dhahabu huacha nafasi kwa wekundu wa zambarau, na mwiba mmoja wa mgongoni hurefuka. Mabadiliko hayo huchukua majuma kadhaa, na jicho linalomwona samaki kila siku laweza lisiyatambue. Daftari la picha huyaweka wazi.

Kuhariri bila kughushi

Kompyuta na simu huweza kurekebisha makosa madogo. Kukata kingo, kuongeza nuru na kusawazisha weupe ni halali. Kuzidisha ukolezo wa rangi ni suala jingine. Picha iliyokolezwa humfanya samaki dhaifu aonekane mwenye siha, na matumbawe ya kawaida yaonekane ya ajabu. Mnunuzi anayetegemea picha hizo hupata hasara, na mjuzi anayeombwa ushauri hupotoshwa.

Kanuni ya kufuata ni moja. Iweke picha kando ya tangi chini ya nuru nyeupe, kisha mtazame samaki na uitazame picha. Vikitofautiana, irekebishe picha. Anayenunua samaki naye amwombe muuzaji picha zilizopigwa chini ya nuru nyeupe, kutoka pande zote mbili, zikionyesha tarehe, kabla ya kutoa fedha zake.